Ugeni Wetu Katika Nchi ya Wahaya

Mmezoea kusoma katika kurasa hizi habari za safari, na desturi yake ni moja: msafiri hueleza aliyoyaona, husifu hiki na kulaumu kile, kisha hurudi kwao. Sisi nasi tuliandika habari za namna hiyo usiku wetu wa kwanza katika wilaya ya Muleba. Tulizikunja tukazitia katika mkoba, tukiwa na nia ya kuzileta kwenu. Hazikufika. Mnazosoma leo ni habari nyingine, na mkizisoma hata mwisho mtajua kwa nini zile za kwanza ziliishia mekoni.

Sisi ni walimu wawili, mtu na mkewe, wazaliwa wa pwani ya Tanga. Mwalimu mwenzetu, Mhaya, ambaye tulifundisha naye miaka mingi, alipostaafu alirudi kwao Muleba kumtunza mama yake mzee. Mara nyingi alituandikia kwamba twende tukamwone. Basi mwanzo wa Desemba, shule zilipofungwa, tulifunga mizigo yetu tukaenda.

Mwanza tulipanda meli ya New Victoria, iliyorudi majini mwaka 2020 baada ya kutengenezwa upya. Meli husafiri usiku kucha, hugusa bandari ya Kemondo, ndipo hufika Bukoba asubuhi. Sisi watu wa pwani hujiona wenye bahari, tukadhani ziwa ni dimbwi kubwa tu. Lakini usiku ule hatukuona nchi kavu upande wowote, upepo ukavuma, na meli ikayumba kama jahazi. Tulipokuwa tukiiacha Mwanza, mzee mmoja aliyeketi karibu nasi alivua kofia yake akanyamaza kitambo. Tulimwuliza sababu, naye akajibu, "MV Bukoba." Ndipo tulipokumbuka siku ya 21 Mei 1996, meli hiyo ilipozama karibu na Mwanza ikitoka Bukoba, na mamia ya watu wakafa. Msiba ule uliingia katika nyumba nyingi za nchi tuliyokuwa tukiiendea.

Mji wa Bukoba umekaa ufukoni, vilima nyuma yake na kisiwa cha Musira mbele yake. Emin Pasha aliweka hapo kituo cha Wajerumani mwaka 1890. Tulitembea kidogo mjini, tukaona magunia ya kahawa yakipakiwa, na tukaonyeshwa kiwanda cha TANICA, ambacho hutengeneza kahawa ya unga wa kuyeyuka majini. Kisha tukapanda basi dogo kuelekea kusini, safari ya kama kilomita 70 hata Muleba.

Barabara ile hupita juu ya migongo ya vilima, na mtu asiyejua hudhani ameona nchi mbili zilizochanganywa. Upande mmoja ni majani matupu, ardhi ya mawe isiyozaa sana; wenyewe huiita rweya. Upande wa pili ni visitu vya migomba, kijani kibichi, vyenye kivuli na baridi. Hivyo ndivyo vibanja. Wala si kwamba udongo mwema ulianguka hapa na mbaya pale. Kwa vizazi vingi watu wamekata majani ya rweya, wakayatandika chini ya migomba, wakatia na samadi ya ng'ombe, hata udongo ukawa mweusi. Kibanja ni udongo uliofanywa na mikono. Na ndani yake kila kitu kina mahali pake: migomba juu, mibuni chini ya migomba, maharage chini ya mibuni, nyumba katikati, na makaburi ya wazee kando ya nyumba. Kwa hiyo Mhaya akisema "kibanja chetu," hasemi habari za shamba peke yake.

Tulifika jua likikaribia kutua, tumechoka, tuna njaa. Kwetu pwani mtoto husema shikamoo mara moja, akaitikiwa marahaba, mambo yakaisha. Hapa binti mkubwa wa mwenyeji wetu, naye amesoma chuo, alipiga magoti akatusalimu kwa sauti ya chini. Akangoja tujibu. Akauliza habari za safari, akangoja. Habari za watoto, akangoja. Habari za nyumbani tulikotoka, akangoja tena. Twakiri kwamba tulijibu kwa haraka, maana pua zetu zilikuwa zimekwisha kwenda jikoni.

Nyumba ilikuwa ya matofali na bati. Zile nyumba za msonge za kale, zilizoezekwa majani toka kileleni hata chini, ni chache siku hizi. Lakini chumba cha wageni kilikuwa kimetandikwa majani mabichi yenye harufu nzuri, kama ilivyokuwa katika nyumba za mababu, nasi tukaketi juu yake. Ndipo alipokuja mama wa mwenyeji wetu, bibi aliyepita miaka 80, amebeba kijikapu chenye kifuniko. Ndani yake mlikuwa na punje kavu, nyeusi nyeusi. Alitukaribisha tuchukue, akikishika kijikapu kwa mikono miwili.

"Ni kahawa," alisema mwenyeji wetu.

Nasi tukangoja vikombe. Watu wa pwani twaijua kahawa: hutoka katika dele, i moto, i chungu, na kashata kando yake. Vikombe havikuja. Mwenyeji wetu alitwaa punje moja, akaitia kinywani, akatafuna. Kahawa hiyo ni tunda zima la mbuni. Huchemshwa pamoja na majani yenye harufu, hukaushwa juani, huwekwa tayari kwa mgeni. Mmoja wetu aliitafuna, akaona uchungu, akajikaza. Mwingine hakuthubutu. Bibi alipogeuka, alizisukuma punje zake mbili chini ya majani ya sakafuni, akatafuna hewa kwa adabu.

Chakula kilipokuwa tayari, kijana wa nyumba aliinuka akafunga mlango wa mbele, akatia komeo. Ndipo zikaletwa ndizi, ambazo wao huziita ebitoke, zimepikwa pamoja na maharage, zikifuka moshi juu ya jani la mgomba. Na samaki wa ziwani kando yake. Tulinawa, tukala sote kwa mkono. Chakula kilikuwa kizuri, ila macho yetu yalikuwa mlangoni. Kwetu mlango huachwa wazi wakati wa kula, na apitaye njiani huitwa, "Karibu!", hata kama wali ni haba.

Usiku ule, kabla ya kulala, tuliandika maneno haya: "Wahaya ni watu wenye salamu nyingi, lakini wakati wa chakula hufunga mlango. Kahawa yao haina maji, wala ndizi zao hazina nazi." Tukaongeza mengine ya namna hiyo ukurasa mzima, tukajiona tumeandika vizuri sana.

Asubuhi tuliamshwa na sauti ya ufagio. Bibi alikuwa akiondoa majani ya jana ili atandike mapya. Tulipotoka chumbani tuliona juu ya ukingo wa dirisha punje mbili za kahawa, zimepanguswa, zimewekwa kando kwa kando. Bibi hakusema neno. Alitusalimu kama jana, akauliza habari za usingizi, akangoja jibu. Lakini siku ile kutwa kijikapu hakikuletwa mbele yetu. Tulitamani atukemee, maana lawama ya mwenyeji mgeni aweza kuijibu, bali ukimya wake hauna jibu.

Mwenyeji wetu aliona nyuso zetu, akatuambia twende tukatembee. Alituongoza mpaka juu ya kilima ambako ziwa huonekana, akanyosha mkono kuelekea visiwa.

"Upande ule kuna Bumbire," alisema, "nacho ni kisiwa cha wilaya hii hii ya Muleba. Je, mmesoma habari zake?"

Hatukuwa tumesoma. Akatueleza kwamba katika Aprili 1875 alifika hapo Henry Stanley, mzaliwa wa Wales aliyekuwa mwandishi wa gazeti la New York Herald la Marekani. Alikuwa akizunguka ziwa kwa mashua, naye na watu wake walikuwa na njaa, wakataka chakula. Wenyeji waliivuta mashua hata nchi kavu, wakatwaa makasia, pakawa na ugomvi. Stanley aliponyoka kwa bunduki, na watu walikufa. Wala hayakuishia hapo. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule alirudi na mitumbwi mingi na bunduki nyingi, akawapiga watu waliosimama ufukoni, yeye akikaa majini mbali na mikuki yao. Kwa taarifa aliyoiandika mwenyewe, makumi ya watu waliuawa. Na hata kule Uingereza wengi waliosoma habari hiyo walimlaumu.

"Maandishi yake yalienea duniani," alisema mwenyeji wetu, "na dunia ikasoma kwamba watu wa Bumbire ni wakali. Watu wa Bumbire hawakuandika kitabu. Kama wangaliandika, tungejua wao nao walimwona mgeni wa namna gani."

Tulinyamaza, maana tuliukumbuka ukurasa uliokuwa katika mkoba wetu. Bunduki hatukuwa nayo, lakini kalamu tulikuwa nayo, na mambo ya nyumba moja tuliyoyaona jioni moja tulikuwa tumekwisha kuyafanya desturi ya watu wote.

Naye hakupenda tudhani kwamba wageni wote walikuja kwa namna ile. Alitukumbusha mwaka 1892, wakati Askofu Joseph Hirth, Mfaransa mzaliwa wa Alsace, alipokuja upande huu na Wakristo waliokimbia vita vya Buganda, na kituo cha White Fathers kikawekwa Kashozi, kaskazini ya mji wa Bukoba. Shirika lao lilikuwa limeanzishwa na Mfaransa, Lavigerie, mwaka 1868. Watu waliolelewa kwa mkate wa ngano walijikuta katika nchi ya ndizi, nao walikuwa wageni waliohitaji kupokewa kabla hawajaweza kufundisha neno lo lote.

Tuliporudi nyumbani alifungua sanduku la bati akatoa kitabu cha Kiingereza. Mwandishi wake ni Brad Weiss, Mmarekani, mtaalamu wa elimu ya maisha na desturi za watu. Alikuja kukaa katika wilaya ya Muleba mwishoni mwa miaka ya 1980, akachapisha kitabu hicho mwaka 1996. Karibu kitabu kizima ni habari za mambo ambayo wenyeji huyapita bila kuyatazama: nyumba na meko, kupika na kula, ugonjwa, fedha, kaburi. Mwaka 2003 alichapisha kingine, nacho ni cha kahawa ya nchi hii peke yake.

"Fikirini," alisema mwenyeji wetu. "Kwao Marekani mtu hununua kahawa akainywa njiani huku akitembea. Huyu alikuja hata huku akauliza punje tunayompa mgeni ina maana gani. Mimi nimeitafuna tangu utoto, sikuuliza."

Tulimwuliza kama yote yaliyoandikwa mle aliyakubali. Akacheka. "Mengine mimi nisingeyasema hivyo. Mengine nilishangaa kwamba sikuyaona mwenyewe. Mgeni huutazama ukuta. Mwenyeji huuegemea tu."

Akaongeza jambo moja ambalo lilitupendeza. Baada ya miaka mingi ya kuandika habari za Afrika, Mmarekani huyu aliandika kitabu juu ya watu wa North Carolina, katika Marekani yake mwenyewe, jinsi wanavyofuga nguruwe na kuwala. Kilichapishwa mwaka 2016. Yaani alirudi akaitazama sahani ya kwao kwa macho yale yale aliyotazamia sahani ya Muleba. Tuliona kwamba hiki ndicho kipimo cha mgeni mwema. Asiyeweza kuulizia meza yake mwenyewe asihukumu ya jirani.

Basi tukapata ujasiri tukamwuliza habari za mlango. Alishangaa, kwa kuwa hakujua kwamba tuliutazama. Akafikiri kidogo, akasema, "Katika nyumba hii chakula ni jambo la ndani. Anayepita hupewa salamu, hupewa na kahawa, akaenda zake kwa heshima. Lakini yule tunayemfungia mlango pamoja nasi, huyo hahesabiwi tena kuwa mtu wa nje. Jana ninyi mlikuwa upande gani wa mlango?"

Tulikuwa ndani. Tulikuwa tumefungiwa ndani kwa heshima, nasi tukaandika kwamba tumeona uchoyo.

Wahenga husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu hatukungoja kupewa. Mmoja wetu, yule wa punje mbili, alimfuata bibi kibanjani, wala hakuna aliyemzuia. Walitandika majani chini ya migomba. Walichagua mkungu uliokomaa, maana ndizi zina aina nyingi na kazi zao ni mbalimbali: kuna za kupika, kuna za kuchoma, kuna za kuiva, na kuna zile za kukamua rubisi. Kisha waliketi kumenya. Kazi hiyo huonekana ndogo kwa anayeitazama. Utomvu uliganda katika vidole vyake, kisu kikateleza, na ndizi za mgeni zikatoka zimechongwa kama penseli, nyama nyingi imebaki katika maganda. Bibi aliyachukua maganda yale, akayatazama, akawapelekea mbuzi. "Leo mbuzi watashukuru mgeni," alisema, na mjukuu akatufasiria. Lilikuwa neno lake la kwanza la mzaha kwetu, nasi tulilipokea kama zawadi.

Chungu kilitandikwa majani ya mgomba, kikatiwa ndizi na maharage, kikafunikwa kwa majani mengine ili mvuke usitoke. Lakini mvua ilikuwa imenyesha usiku, kuni zilikuwa mbichi, moto ukakataa. Bibi aliuliza kama kuna karatasi yo yote. Tulitazamana. Mmoja wetu alikwenda chumbani akaleta ule ukurasa wa usiku wa kwanza, na bibi, asiyejua ulikuwa na nini, aliukunja vizuri akautia chini ya kuni. Ulishika moto mara moja. Hatujapata kuandika kitu kilichofaa nyumba ya watu kuliko ule.

Jioni bibi alizitwaa zile punje mbili zilizokuwa dirishani siku zote hizo. Alivunja moja kwa kucha, akatuonyesha mbegu mbili ndani yake, zimelala uso kwa uso. Mjukuu alitufasiria maneno yake. Zamani watu wawili waliotaka kuwa ndugu waligawana mbegu mbili za tunda moja, kila moja imetiwa damu ya mwenzake, wakazimeza. Na toka siku ile nyumba ya mmoja ilikuwa nyumba ya mwingine, hata katika njaa na katika vita. Ndiyo sababu kahawa ilikuwa kitu cha heshima kabla haijawa kitu cha fedha. Enzi za wafalme si kila mtu aliyeweza kupanda mbuni apendavyo. Kulikuwa na amri juu yake. Leo kahawa ile ile, ambayo kwa wingi ni robusta, huuzwa kwa vyama vya ushirika na kwenda nchi za mbali, na mnywaji wa huko hajui kwamba kila tunda lilibeba mapacha.

Tulimwuliza kama na wanawake walifanya agano hilo. Bibi alicheka hata akajifuta macho. "Wanaume ndio waliohitaji damu," alisema. "Sisi tulipeana mbegu za maharage, ikatosha." Kisha akatia mbegu moja ya kahawa kinywani mwake, na ya pili akampa yule aliyezificha punje. Safari hii hapakuwa na majani ya kuifichia, wala haja haikuwapo. Ilikuwa chungu vile vile. Hatusemi kwamba mapenzi huondoa uchungu wa kahawa. Twasema tu kwamba baada ya kitambo uchungu ule ulitulia, kinywa kikabaki na harufu nzuri, na maongezi yakaenda hata usiku wa manane.

Mwezi ule ulikuwa bado msimu wa senene, wale panzi wa kijani wanaokuja kwa makundi wakati wa mvua, zaidi mwezi wa Novemba na Desemba. Usiku tuliona vilimani taa kali za umeme, na mabati yamesimamishwa kuzunguka mapipa. Senene huvutwa na mwanga, hupiga bati, huteleza ndani ya pipa. Asubuhi watoto huwanyofoa mabawa na miguu, nao hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe. Wazee walitueleza kwamba zamani wanawake waliwaokota na kuwakaanga kwa ajili ya waume zao, lakini wao wenyewe hawakuwala. Siku hizi mwiko huo umelegea, na bibi wa nyumba yetu alikula bila kuomba radhi kwa mtu.

Sahani ilipokuja kwetu tulisita, naye mjukuu mdogo akatuuliza, "Kwenu mnakula nini?" Tukamtajia wali wa nazi, samaki, kamba, na pweza. Akauliza pweza ni nini. Tulimweleza kwamba ni mnyama wa baharini asiye na mfupa, mwenye mikono minane, naye hupigwa juu ya mwamba ili alainike. Habari ilifasiriwa, bibi akaweka mkono kinywani. Alitutazama kwa huruma nyingi, akatusogezea senene. Basi tukala. Twaweza kusema kwa haki kwamba ladha yao i karibu na ya kamba wadogo waliokaangwa, na kwamba sahani haikurudi jikoni na kitu.

Tusingekuwa wakweli tukiwaeleza raha peke yake. Siku moja tulipita kibanja cha jirani, tukaona migomba imenyauka, majani ya manjano yamening'inia kama nguo mbovu. Huu ni ugonjwa wa mnyauko, ulioonekana katika Kagera tangu mwaka 2006. Ndizi huiva kabla ya wakati wake, na ukiikata huoni chakula, bali uozo. Ugonjwa hupelekwa na wadudu wanaotembelea ua la dume la mgomba, na kisu kilichokata mgomba mgonjwa kikakata mzima bila kusafishwa, na machipukizi yanayotolewa katika shamba lenye ugonjwa. Kwa hiyo wakulima hufundishwa kulivunja ua la dume kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu. Kusafisha kisu kwa moto au dawa. Na kung'oa mgomba mgonjwa bila kuuonea huruma. Mwenyeji wetu alikuwa na kijiti chake nyuma ya mlango, naye alikitunza kama mtu atunzavyo bakora ya baba yake.

Bibi alitueleza habari za nyumba ile ya jirani. "Walikula ugali," alisema. "Walishiba. Lakini ukiwauliza jioni, walisema hawajala." Hapo tulielewa zaidi kuliko katika vitabu. Mgomba ukifa, hakifi chakula tu. Hakuna jani la kuwekea chakula, wala la kufunikia chungu, wala kivuli cha mbuni. Na mbuni ukifa, mgeni hupokewa kwa mkono mtupu. Adabu ya watu ina mizizi katika udongo, na anayetaka kuihifadhi adabu hana budi kushika kijiti chenye panda.

Tulikaa siku kumi na mbili. Siku ya kuondoka bibi alitupa kijikapu kidogo, kimefungwa kwa jani kavu la mgomba. Kule bandarini Kemondo tuliandika habari hizi upya, nazo ndizo mnazosoma.

Wazazi na walimu wenzetu, siku hizi watoto wetu husafiri zaidi ya sisi, kwenda vyuo na kazi katika nchi za wengine, na wengine hufika Ulaya na Marekani. Tunawafundisha hesabu na lugha, tunawanunulia masanduku. Tuwafundishe na hili: kwamba mambo ya jioni ya kwanza yasiandikwe, kwamba asiyeelewa jambo aulize kabla ya kucheka, na kwamba kitu anachopewa mgeni kwa mikono miwili kisitafutiwe mahali pa kufichwa. Asiyeweza kukila, na aseme kwa upole, "Sijazoea, nifundisheni." Hakuna nyumba tuijuayo ambayo ingeona vibaya kwa neno hilo.

Nasi tungali tunajifunza. Hapa Tanga kijikapu kimekaa juu ya kabati, na mgeni akija tunamletea kwanza, tukisubiri kumwona atafanyaje. Juma lililopita jirani yetu mmoja, mvuvi, alipewa punje mbili. Alizitazama, akatutazama, kisha akaitazama sakafu. Sakafu yetu ni ya saruji, haina jani hata moja. Tulicheka sana, tukamweleza habari yote, ndipo tukamletea na dele.